Shela na Joho: Je, Wanawake na Wanaume wa Pwani Walitofautiana Kweli?

Yapo maneno mawili tunayoyasikia kila linapozungumzwa suala la wanawake katika historia yetu. La kwanza husemwa na wazee wenzetu barazani: kwamba zamani kila kitu kilikuwa mahala pake, mwanamume nje na mwanamke ndani, na kwamba hivyo ndivyo walivyoumbwa, huyu kwa uamuzi na yule kwa subira. La pili husemwa na vijana waliosoma Uingereza na Marekani, na wengi wao ni wajukuu zetu: kwamba bibi zetu walifungiwa, hawakusoma, hawakumiliki, hawakuamua lolote, na kwa hiyo hakuna la kuandika juu yao. Wazee wanasifu na vijana wanalaumu, lakini wote wanamchukulia mwanamke wa zamani kuwa mtu asiyetenda.

Sisi tuliosoma kwa Kiarabu na kwa Kiingereza tumeyakuta maneno haya vitabuni pia, ya kwanza katika vitabu vya Kiarabu zaidi na ya pili katika vya Kiingereza. Katika makala hii tunataka kuyapima kwa yaliyotokea. Hatutoi fatwa, kwani masuala ya sharia yana wenyewe. Suala letu ni la mwanahistoria: tabia tunazoziita za kiume na za kike, je, tunazikuta kwa wanaume na wanawake hao hao kila zama na kila mahala? Au zinahama?

Usiku wa 1859

Tuanze na tukio ambalo kila familia ya Kizanzibari imelisikia kwa namna moja au nyingine. Sayyid Said bin Sultan alifariki mwaka 1856, na Unguja ikashikwa na mwanawe Sayyid Majid. Ndugu yake, Sayyid Barghash, hakuridhika. Mwaka 1859 akapanga njama ya kumpindua, na miongoni mwa waliokuwa upande wake ndani ya familia ni dada zake wawili, Bibi Khole na Bibi Salme. Salme alikuwa na umri wa miaka 15 tu.

Kazi aliyopewa Salme haikuwa ya kupika wala kutuliza watoto. Alikuwa mwandishi wa njama. Barua za siri kwa masheikh na wakubwa waliotarajiwa kuunga mkono zilitoka mkononi mwake, kwa sababu alijua kuandika. Na namna alivyojua kuandika ni kisa peke yake. Wasichana wa jumba la Mtoni walifundishwa kusoma Kur'ani, lakini si kuandika. Salme, kwa maelezo yake mwenyewe, alijifundisha kwa siri kwa kunakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa siku hizo. Baadaye akatafuta mtumwa aliyesoma amsahihishe hati. Ustadi ambao watu waliuona si wa mwanamke ndio uliomfanya mwanamke asiweze kuachwa nje ya mambo ya dola.

Kisha ukaja usiku wenyewe. Nyumba ya Barghash ilikuwa imezungukwa na askari wa Majid. Khole na Salme wakatoka usiku na wanawake wao, wakazungumza na walinzi mpaka wakaruhusiwa kuingia. Barghash akavishwa nguo za kike na shela iliyomfunika akabaki macho, akatoka katikati ya msafara wa wanawake. Askari hawakumgusa, kwani hakuna ambaye angethubutu kuinua shela ya bibi wa ukoo wa Sultan. Salme anaeleza kwamba haikuwa rahisi kumshawishi ndugu yao akubali vazi hilo, kwa ajili ya fahari yake ya kiume. Akaenda shamba la Marseilles, huko kukapiganwa, na Majid akasaidiwa na Waingereza. Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1870 alirudi kwenye kiti na akatawala mpaka 1888, akawa mmoja wa watawala wenye nguvu zaidi Unguja ilioona.

Tunajua kwamba habari hizi zinatoka katika kitabu cha Salme mwenyewe, kilichochapwa Berlin mwaka 1886, wakati yeye alikuwa mjane wa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Aliandika miaka zaidi ya 25 baada ya tukio, tena kwa wasomaji wa Ulaya, kwa hiyo lazima tumsome kwa uangalifu. Lakini kushiriki kwake na kwa Khole hakukanushwi, na hata kama tutapunguza chumvi hapa na pale, kiini kinabaki: walioongoza msafara huo walikuwa dada, na aliyejifunika akanyamaza alikuwa kaka.

Joho la Muscat

Salme huyo huyo anasimulia kisa cha upande wa pili wa bahari. Sayyid Sultan bin Ahmad aliuawa baharini mwaka 1804, akaacha wana wadogo, mmoja wao Said. Aliyeshika mambo ya Muscat katika wakati huo wa khatari alikuwa shangazi yao, ambaye wanahistoria wanamtambua kuwa ni Bibi Moza binti Imam Ahmad bin Said, mwanzilishi wa dola ya Al Busaid. Katika masimulizi ya familia, mawaziri walinung'unika kwamba mwanamke hawezi kuongoza vita. Yeye akawa anavaa nguo za kiume usiku na kuzunguka kwenye vituo vya walinzi ili ajue nani yuko macho na nani si mwaminifu.

Wanahistoria wa Oman nao wanamtaja Bibi Moza kuwa mshauri mkubwa katika siku zilizomfikisha Sayyid Said kwenye utawala mwaka 1806, naye alikuwa bado kijana mdogo sana. Kwa hiyo mwanamume ambaye jina lake limesimama juu ya historia yetu yote, aliyehamishia makao Unguja na kueneza karafuu, alifika hapo akiwa ameshikwa mkono na mwanamke.

Tuyaweke matukio haya mawili pamoja. Muscat mwanamke alivaa joho ili afanye kazi ya ulinzi, na Unguja mwanamume alivaa shela ili aokoke. Kama ushujaa ungekuwa katika maumbile ya mwanamume na hofu katika maumbile ya mwanamke, nguo zisingetosha kubadilisha lolote. Kilichobadilika ni namna watu walivyowaona, na baada ya hapo nini waliruhusiwa kufanya.

Wala si hao tu. Mwana Fatuma alitawala Unguja katika karne ya 17, na baada ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698 alichukuliwa Muscat kwa kuwa alisimama upande wa Wareno. Pate ilikuwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, na kisiwa cha Mwali huko Komoro kilikuwa na Jumbe Fatima katika karne ya 19. Hatusemi walitawala vyema au vibaya. Mwana Fatuma alichagua upande ulioshindwa, kama walivyofanya wanaume wengi.

Wino na karatasi

Msomaji atatuuliza: na Mwana Kupona je? Hakuna kazi ya Kiswahili inayotajwa zaidi ya utendi wake pale mtu anapotaka kuthibitisha kwamba mwanamke wa pwani aliumbwa kutii. Utendi huo aliutunga mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, kwa ajili ya binti yake. Alice Werner na William Hichens walipouchapa kitabu mwaka 1934, jina la Kiingereza walilolipa lilihusu wajibu wa mke, na tangu hapo wengi wameusoma kwa jina hilo tu.

Ni kweli kwamba Mwana Kupona anamuusia binti yake amridhishe mumewe. Tusijaribu kuligeuza hilo. Lakini tutazame anayesema ni nani. Ni mjane wa Sheikh Mataka wa Siyu, mji uliowapa tabu sana majeshi ya Sayyid Said. Ni mwanamke mgonjwa anayehisi ajali yake iko karibu. Anaanza kwa kumtaka binti yake wino na karatasi, na anachotunga ni utendi, bahari ya wanavyuoni, kwa hesabu kamili ya mizani na vina, na ndani yake mna dua ndefu inayoonyesha mtu aliyezama katika dini. Tena hakuishia kwa mume. Anausia juu ya Mungu na Mtume wake, juu ya ulimi na adabu mbele za watu, juu ya namna ya kuwatendea wadogo na wakubwa.

Kwa maneno mengine, anayefundisha utulivu ni mtu ambaye hakutulia. Kama wanawake wa Siyu wangekuwa watiifu kwa maumbile, mama asingehitaji kushika kalamu akiwa kitandani kumfundisha mwanawe utii. Hakuna anayemtungia samaki utendi wa kuogelea. Wasia unatuambia nini mama aliona kitamfaa binti yake katika dunia ya wakati ule, na hilo ni jambo la busara na mazingira. Na Mwana Kupona hakuwa peke yake: huko Barawa, Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, alitunga kasida kwa Kibarawa ambazo watu husoma mpaka leo, na ziara yake inajulikana.

Udhaifu wa nani?

Hapa inatubidi tuingie mahala ambapo majarida yetu hupita mbio. Mpaka sasa tumewataja mabibi, wake na mabinti wa watawala. Lakini katika Unguja hiyo hiyo ya Sayyid Said na Sayyid Barghash, wanawake wengi walikuwa watumwa. Walilima, walichuma karafuu, walibeba mawe na chokaa kichwani, walitwanga madari ya nyumba ambazo leo tunazipiga picha kwa fahari. Hatujapata kusoma popote kwamba bwana wa shamba alimwambia mjakazi: wewe ni mwanamke, umbo lako ni dhaifu, keti kivulini.

Udhaifu wa mwanamke, basi, ulikuwa wa tabaka. Waliopewa sifa ya kuwa laini na kustahili ndani walikuwa wale ambao kazi yao ilifanywa na wanawake wengine. Hata sheria ilipobadilika, haikubadilika kwa wote sawa. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wao ni sehemu ya familia, na jambo hilo halikurekebishwa mpaka 1909. Mtu mmoja alihesabiwa ana nguvu za kubeba jiwe, na papo hapo hana akili ya kujiamulia pa kuishi.

Hili linatuhusu. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tuna bibi aliyekuwa suria, na bibi huyo ndiye mara nyingi asiyetajwa. Tutarejea kwake.

Kazi zinazohama

Kama tabia za kiume na za kike zingekuwa za maumbile, kazi za kiume na za kike nazo zingetulia. Lakini hazitulii. Mfano ulio wazi zaidi ni taarab. Sayyid Barghash alipoileta Unguja, ilikuwa sanaa ya jumba la mfalme, ikipigwa na wanaume na kuimbwa kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa chama cha wanaume. Kisha akaja Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, binti wa watu maskini aliyekuwa akiuza vyungu. Akaiimba taarab kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Katika maisha ya mtu mmoja, sanaa ya mabwana ikawa na sauti ya mwanamke, na leo wapo vijana wanaocheka wakisema taarab ni mambo ya kikekike. Wangewaambia hivyo waasisi wa Ikhwani Safaa!

Jiko nalo lina mambo yake. Tunasema jiko ni la mwanamke, lakini halwa, Muscat na Unguja, hukorogwa na wanaume, na kwenye arusi kubwa masufuria ya biriani husimamiwa na wapishi wa kiume. Kushona tumeita kazi ya kike, lakini kanzu tulizovaa zilishonwa na mafundi cherehani wanaume. Na bahari, iliyokuwa ya mvuvi na nahodha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 imejaa wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani.

Elimu ndiyo iliyohama zaidi. Hofu iliyosikika sana pwani ni kwamba msichana akijua kuandika ataandika barua za mapenzi. Lakini skuli ya serikali ya wasichana ilipofunguliwa mjini Unguja mwaka 1927, wazee kidogo kidogo wakawapeleka mabinti zao, na kizazi kimoja baadaye mabinti hao walikuwa walimu. Kura nayo ilikuwa hivyo hivyo. Katika uchaguzi wa kwanza wa 1957 wanawake hawakupiga kura. Januari 1961 walisimama kwenye foleni, na vyama vyote vikawa vinawabembeleza.

Binamu wawili

Ushahidi mkubwa kuliko wote tunao sisi wenyewe, ndani ya familia zetu. Mwaka 1970, Sayyid Qaboos aliposhika utawala, Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, na zote za wavulana. Alipowaita Waomani walioko nje warejee, walitoka Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa, Cairo na London. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliosoma, waliojua Kiingereza, waliokuwa walimu, wauguzi na makarani. Wakaingia maofisini na mahospitalini.

Tufikirie maana yake. Babu mmoja alitoka Oman ya ndani akaja Unguja, ndugu yake akabaki. Damu moja, kabila moja, madhehebu moja. Mjukuu wa kike wa huyu alifundisha hesabu darasani, na mjukuu wa kike wa yule hakupata hata nafasi ya kujua herufi. Mwanasayansi akitaka kupima maumbile na malezi hatapata jaribio zuri kuliko hili. Kama tofauti ingekuwa ya maumbile, binamu hawa wangefanana. Kilichowatofautisha ni bahari na skuli. Na skuli zilipofunguliwa Oman, tofauti ile ilianza kufutika haraka. Wasichana walijaa madarasani na vyuoni, na mwaka 2004 Dk. Rawya binti Saud Al Busaidi akawa Waziri wa Elimu ya Juu.

Tofauti zilizopo

Je, tunasema basi hakuna tofauti yoyote? La. Mwanamke huzaa na kunyonyesha, na wanaume kwa wastani wana nguvu zaidi za mikono. Tofauti hizi zimeathiri historia, na mwanahistoria asiyezihesabu hajui vifo vya uzazi vilivyokatisha maisha ya mabibi wangapi. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba huyu ana akili ya uamuzi na yule ya subira ni safari ndefu. Mwanasaikolojia wa Marekani Janet Hyde alikusanya mwaka 2005 mapitio 46 ya tafiti zilizolinganisha wanaume na wanawake, katika lugha, hesabu, tabia na mengineyo. Katika asilimia 78 ya vipimo, tofauti ilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Kubwa zilikuwa chache, mojawapo ni umbali wa kurusha kitu.

Hata hiyo subira tunayowasifia wanawake ina mipaka. Susan Hirsch alifanya utafiti katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, akachapisha kitabu mwaka 1998. Alikuta kwamba watu wote, wanawake kwa wanaume, husema kazi ya mwanamke ni kuvumilia. Lakini wengi wa waliofungua madai walikuwa wanawake, wakieleza kesi zao kwa ufasaha, na mara nyingi walishinda. Waliokuwa wakiyajua hayo siku zote ni makadhi.

Lugha yetu imebeba pande zote mbili za jambo hili. Kiarabu hakiwezi kusema neno moja juu ya mtu bila kutaja ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili husema yeye, na hapo hakuna ajuaye. Lakini Kiswahili hicho hicho huuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kike. Sarufi haikubagua, ila watumiaji walijaza pengo.

Shajara na makabati

Kwa nini tunayaandika haya sasa? Kwa sababu kizazi kinachokumbuka kinaondoka. Familia zetu huko Muscat, Dubai, Leicester na Toronto zinaandika shajara za nasaba, na tumeziona nyingi. Zinaanza na babu wa karne ya 12 na kushuka kwa majina ya wanaume watupu, fulani bin fulani bin fulani, kana kwamba walizaana peke yao. Mtu anaweza kumtaja babu wa ishirini lakini hajui jina la mama wa bibi yake, na akiwa alikuwa suria kutoka Nyasa au Manyema, jina limefichwa kwa makusudi.

Na nyaraka hupotea kwa sababu hiyo hiyo. Tukiomba familia zilete karatasi, huletwa pasi za kusafiria na vyeti vya wanaume, barua za biashara, picha za mabaraza. Lakini mahakamani na katika makabati yetu zimo hati za mashamba ya karafuu yaliyomilikiwa na wanawake, nyumba na misikiti waliyoiweka wakfu, madai ya mahari, barua walizoandikiana kati ya Unguja na Muscat. Nyumba inapohamwa, hizo ndizo huchomwa kwanza, kwa kuwa ni karatasi za bibi tu.

Kwa hivyo tunawaomba wasomaji mambo matatu. Kwanza, katika kila shajara, kando ya jina la kila baba liandikwe jina la mama, awe bibi wa jumba au mjakazi, na alikotoka. Pili, kabla ya kutupa sanduku la marehemu bibi, zipigwe picha karatasi zake zote, hata zile zinazoonekana ni hesabu za dukani. Tatu, wazee wa kike walio hai waulizwe walifanya nini, na si waliolewa na nani tu. Waulizwe nani alishika funguo, nani aliandika barua, nani aliuza dhahabu ili familia ipande meli mwaka 1964.

Mwenye kuanza aanze wiki hii, kwa mzee aliye karibu naye. Wengi wao wameshapita miaka 80.